Kambi Ipi?

Kama unataka kupandisha pikipiki ukuta wa mlima wa Lyamba lya Mfipa bila kupinda ringi, mtu wa kumuuliza ni mmoja tu, na siku hizi hapendi kuulizwa. Anaitwa Arcade. Amezaliwa Katumba, si mbali na Mpanda mjini. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, wakiwa na sufuria moja na mtoto mgongoni. Ana miaka arobaini na tatu, ana mke anaitwa Donatille, shamba la mahindi na maharage, na Boxer ambayo ukiiona kwa nje utaionea huruma. Ukiiwasha utanyamaza.

Mimi nauza spea za pikipiki Shanwe, hapo Mpanda mjini, na mtu namjua kwa anavyonunua. Arcade anachukua tairi, analiminya, analinusa, analirudisha, anaondoka. Baada ya saa nzima anarudi kulichukua lile lile kwa bei yake. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kunidanganya kwamba ameona la bei rahisi zaidi stendi. Wengine wote hunidanganya hivyo, na mimi huwadanganya kwamba nimenunua ghali. Ndiyo biashara.

Kazi yake ilikuwa mizigo. Mchele kutoka Majimoto, samaki wakavu kutoka Karema, chumvi na sabuni kwenda kwa Wafipa wa juu. Njia ya kwenda huko juu ndiyo tunayoiita Ngazi. Inaanza ukishamaliza mashamba ya mpunga, inaukwea ukuta wa bonde kwa mawe yaliyojipanga kama vidato, hadi kwenye baridi. Ilikuwa njia ya miguu, ya akina mama wanaoshuka na maharage kichwani. Arcade aliipanda kwanza kwa miguu, na nyundo. Mawe mengine aliyavunja, mengine akayageuza, akapita na pikipiki tupu, akaanguka, akapita tena. Msimu wa tatu alipanda na gunia la mchele kwenye keria.

Aliyekuwa nyuma yake siku hiyo ni Anuari. Huyu ni mtoto wa mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Duka lilipokufa Anuari akaingia barabarani na pikipiki ya mkopo na mdomo mtamu. Si mwoga wala mvivu, nisimsingizie. Ila kila anachojua kuhusu mlima amefundishwa na Arcade. Mwaka mmoja malaria ilimkamata katikati ya Ngazi, Arcade akamfunga mgongoni kwa khanga ya mtu, akamshusha hadi zahanati, kisha akapanda tena kwa miguu kuifuata pikipiki. Walikuwa wanaitana "mwanangu". Idi watoto wa Arcade wanakula kwa Anuari, Krismasi watoto wa Anuari wanakula kwa Arcade.

Kuna neno moja ambalo lazima nilieleze hapa. Huku Mpanda, mtu wa Katumba au Mishamo, walikopokelewa waliokimbia Burundi, huitwa "mtu wa kambini". Serikali inaandika makazi, sisi sokoni tunasema kambi. Wengi hatuna nia mbaya, ni mazoea ya mdomo. Arcade alikuwa anasahihisha, kila mara, bila hasira, kama anavyorudisha tairi lisilomridhisha: "Makazi, Mama Amira. Kambi unang'oa unahama. Sisi hatujahama, na cheti cha uraia tumepewa." Nikamzoea, nikaacha. Anuari alikuwa ameacha zamani kabla yangu.

Basi mwaka jana mwezi wa saba alikuja Minza. Ni mwanamke wa Kisukuma, fundi wa mitambo ya maji huko Mwanza, kiongozi wa kundi la waendesha pikipiki wanaopenda kulala milimani kwa raha zao. Mtu ana kitanda nyumbani, anakuja kulala juu ya mawe. Sikuuliza, mteja ni mteja. Walikuwa sita, watatu na pikipiki zao, watatu wakakodi zangu. Kwa kuwa zangu tatu zilikuwa zinakwenda, nikapanda ya nne nikazifuata. Mimi mwenyewe naendesha, tena kuliko baadhi ya wanaume wanaonicheka.

Minza alisema wazi mbele ya duka langu, Arcade na Anuari wakiwa wamesimama hapo. "Safari hii ni ya majaribio. Tukiipenda njia, tutakuja kila kiangazi, mara mbili au tatu. Nitahitaji mwenyeji mmoja. Jina moja kwenye barua zangu zote, mtu mmoja wa kulaumu."

Donatille alinisimulia baadaye kwamba siku ile mumewe hakula chakula cha mchana. Mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa magunia. Daktari alishamwambia achague kati ya mizigo na kutembea wima. Kazi ya kuongoza watu wepesi wenye mabegi, juu ya njia aliyoitengeneza kwa nyundo, ilikuwa kama imeshonwa kwa vipimo vyake. Akamwambia Anuari twende wote, wewe unaongea vizuri na wageni. Alimwomba mwenyewe.

Tukaondoka Jumatatu asubuhi. Sitalike tulikunywa chai, tukapita mbugani tumejifunga vitambaa shingoni kwa ajili ya mbung'o, alasiri tukawa Majimoto. Hapo ndipo wageni walipoona kazi ya Arcade. Hakufungua hata begi moja kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kupiga hodi. Aliporudi akaangalia mwelekeo wa upepo, akapiga ardhi kwa kisigino, akasema hapa, hapa, na pale hapana, pale ng'ombe wanapita alfajiri. Alfajiri ng'ombe wakapita pale pale.

Mmoja wa wageni, Sylvanus, mwalimu wa sekondari asiyeweza kunyamaza, akampa jina.

"Huyu ndiye Mzee wa Kambi! Mheshimiwa Mzee wa Kambi, choo tuchimbe wapi?"

Wageni wakacheka kwa nia njema. Anuari akacheka kuliko wote, mpaka akajishika tumbo. Nikamwona Arcade anamwangalia. Akafungua mdomo, nadhani kusahihisha, kisha akaufunga. Watu wa Mwanza watajua nini? Kwao kambi ni mahema.

"Karibuni kura," akasema Arcade wali ulipoiva. Hilo ni la kwao, ulimi wa Kirundi hauhangaiki sana na tofauti ya l na r.

"Kura tulishapiga, mwanangu," Anuari akamjibu. "Leo tunakula."

"Wewe kura, mimi nitapiga," akasema Arcade, na safari hii hata yeye alicheka.

Jumanne tulipanda Ngazi. Sitaieleza yote. Arcade alipanda kwanza, akaacha yake mbele, akashuka kwa miguu, akamsimamisha kila mgeni mahali pagumu na kumwambia gia ya kwanza, mguu usishuke, usiliangalie jiwe, angalia unakokwenda. Pikipiki yangu moja ilizimika kwenye kidato kimoja ikaanza kurudi nyuma na mgeni juu yake. Arcade aliisukuma kwa bega. Kwa bega, na mgongo ule. Tukalala kwenye sehemu tambarare ya katikati ya njia, Jumatano mchana tukatokea juu, kwenye nyasi na upepo wa Ufipa, wageni wakapiga picha mpaka simu zikazima. Minza akakaa kwenye jiwe akavua kofia.

"Kaka Arcade," akasema, "mimi nimeshaamua moyoni. Ngoja tumalize kwa usalama tu."

Anuari alikuwa hatua nne kutoka hapo, anafunga begi. Alisikia, maana kamba alikuwa anaifunga mafundo matatu, akayafungua, akayafunga tena.

Kijiji cha juu, jina lake naliacha. Mwenyekiti aliyemjua Arcade alikuwa amekwenda msibani, kwa hiyo alipiga hodi kwa mke wake, akapewa sehemu kando ya miti. Mahema yakasimama. Jua likiwa bado juu ya kilima, akaja mtendaji wa kijiji kwa pikipiki, kijana mgeni wa kazi, kitabu kwapani. Alikasirika kwamba hodi imepigwa kwa mke wa mwenyekiti, haikupigwa ofisini kwake. Hapo alikuwa na haki yake.

"Nani amewaleta nyie?"

Arcade akasimama, akavua kofia. "Ni mimi, mheshimiwa. Ofisi nimekuta imefungwa. Tunaomba radhi, tutarara usiku mmoja tu."

Mtendaji akainua uso. Alisikia lile "tutarara". "Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Mpanda."

"Mpanda ipi?"

Na hapo Anuari akasogea mbele, tabasamu lake lile la dukani kwa baba yake, mkono umetangulia. "Mheshimiwa, shikamoo na poleni na kazi. Mwenyeji wa msafara ni mimi, Anuari, wa Mpanda mjini. Huyu usihangaike naye. Huyu ni mtu wa kambi tu."

"Kambi ipi?" akauliza mtendaji. "Katumba au Mishamo?"

Nataka msomaji aelewe mahali hapa palivyokuwa padogo. Neno moja lingetosha. Kambi hii, mheshimiwa, ya mahema. Basi. Mtendaji angecheka, tungecheka, chai ingemiminwa. Anuari alimwangalia Arcade, kisha akayaangalia mahema, kisha akapangusa mkono wa jaketi lake ambao haukuwa na vumbi.

"Katumba," akasema. "Ndiko alikotoka."

"Ndiyo huyo huyo!" Sylvanus akadakia kwa furaha kutoka kwenye moto, sufuria mkononi. "Mzee wa Kambi! Bila yeye tungekuwa tumeshakufa!"

Mtendaji hakucheka. Akataka kibali cha kutoka kambini. Arcade akamweleza polepole kwamba mambo ya vibali yalikwisha zamani, kwamba yeye ni raia, akatoa kitambulisho cha taifa. Mtendaji akakigeuza huku na huku, akasema hivi anaviona kila siku, kesho kitahakikishwa kwa simu, ofisini, na mwenye nacho atasubiri. Wengine wako huru kuendelea na mwenyeji wao.

Minza akaja kwangu. "Mama Amira, wewe ni wa huku. Hii ni sawa? Anahitaji kibali kweli?"

Nilijua hahitaji. Nilijua pia kwamba pikipiki zangu tatu za kukodisha ziko mlimani, kwamba mtendaji akiudhika atataka karatasi za kila mmoja, na moja ya zangu bima yake ilikuwa imeisha wiki iliyopita. Nikasema, "Huku kuna taratibu zake. Kesho kitaeleweka."

Arcade alinisikia. Alikuwa karibu kuliko nilivyodhani.

Asubuhi hakumsemesha Anuari. Alimwita Minza, akachuchumaa, akamchorea kwa kijiti kwenye udongo njia ya kushukia, ile ya upande wa pili tunayoiita Kona Saba. "Kona ya tatu usishike breki ya mbere kabisa. Ya nyuma tu, kidogo kidogo. Ya tano kuna maji hata kiangazi, mshuke, msukume. Mtu akichoka, msimamishe. Usimwonee haya." Akarudia mara mbili. Minza akapiga picha mchoro. Kisha Arcade akapanda pikipiki yake kwenda ofisini kusubiri, na sisi tukaenda.

Anuari alituongoza vizuri. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kila kona alisimama, akamwomba Minza simu, akaangalia picha ya mchoro, akapaza sauti kama maneno ni yake: "Breki ya mbele hakuna!" Hakuanguka mtu. Alhamisi jioni tulikuwa chini, na kila mmoja wa wageni alimpa Anuari mkono.

Arcade alitukuta Ijumaa asubuhi Majimoto, kwa mama ntilie, tunakula chapati. Alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kope. Simu ilikuwa imepigwa saa tano ya jana yake, ikajibiwa kwa dakika mbili: ni raia, mwacheni. Mtendaji hakuomba radhi ila alimpa kiti na maji. Akashuka Kona Saba peke yake, akalala njiani. Sasa akavuta benchi akakaa mbele ya Anuari.

"Habari za kwako, mwanangu."

"Salama, mwanangu. Umefika? Mama, mletee chapati huyu."

"Umesema nini juzi ire?"

"Nimesema nini? Nimesema kambi. Si wote humu wanakuita Mzee wa Kambi? Mwalimu, si mnamuita hivyo?"

Sylvanus akaitikia kwa kichwa, chapati mdomoni. Alikuwa ameanza kuelewa, na rangi yake ilikuwa inabadilika.

"Akakuuliza ipi."

"Nikamjibu ulikotoka. Kwani hukutoka Katumba? Nimedanganya?"

"Nimetoka Mpanda," akasema Arcade. "Jumatatu asubuhi. Na wewe."

"Acha hizo, kaka. Jamaa alishashtukia lafudhi yako. Nimeokoa safari. Tungebanwa wote pale, na Mama Amira na bima yake."

Kumbe alijua ya bima. Wote mezani wakaniangalia. Nikamwomba mama ntilie sukari, ingawa chai ilikuwa na sukari.

"Nirikubeba," Arcade akasema. Hakupandisha sauti. "Ukatapika shingoni kwangu. Sikukuuliza umetoka wapi."

Anuari akainamia kikombe. Kwa muda mfupi nilidhani ataomba radhi. Kisha simu yake ikalia, akaipokea, akatoka nayo nje, na kicheko chake kikasikika kutoka barabarani.

Mpanda tulifika mchana. Minza hakutaka kumaliza jambo mbele yao. Alikuja ndani ya duka langu, akakaa juu ya katoni ya vilainishi. "Mama Amira, unawajua wote wawili kwa miaka. Nichukue nani?"

Nilijibu kama ninavyojibu mtu anayesita kati ya cheni mbili. "Njia ni ya Arcade. Mdomo ni wa Anuari. Angalia wewe unachokosa."

Niliona nimesema kitu cha akili, na cha haki kwa wote. Minza akafikiri. Yeye naye ni mtu wa hesabu.

"Njia nimeshaiona," akasema. "Ninayo kwenye simu. Kinachonitesa mimi ni ofisi. Kila kijiji ofisi. Siwezi kuleta watu ishirini halafu mwenyeji wangu anazuiwa kwa maswali. Si haki, najua."

"Si haki," nikasema. Ningeweza kumwambia kwamba swali la kambi mtendaji alipewa na Anuari. Ningeweza kusema hayo juzi yake huko juu, bure kabisa. Anuari akikaa, pikipiki zangu zinakodishwa kila kiangazi. Arcade akikaa, zinakodishwa vile vile. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi tangu siku hiyo, na sioni nilichokuwa nakilinda.

Minza alimwendea Arcade nje, akamweleza bila kuzunguka, hilo nampa. Akamwambia jina kwenye barua litakuwa la Anuari, ila na yeye ana nafasi yake, yenye malipo mazuri.

"Nafasi gani?"

"Kusimamia kambi. Hakuna anayeijua kazi hiyo kama wewe."

Arcade alimwangalia sana, anatafuta kama kuna kicheko usoni kwake. Hakikuwapo. Mama wa watu alikuwa anampa kilicho bora alichonacho.

"Asante, dada," akasema. "Sitaweza."

Akafunga kofia. Anuari alikuwa kivulini ng'ambo ya barabara, akanyoosha mkono juu, "Mwanangu, tutaongea!" Pikipiki ikageuka upande wa Katumba.

Hawakuongea. Krismasi watoto wa Anuari walikula kwao. Donatille ndiye anayekuja kununua spea sasa, nazo si kwangu, nasikia ni stendi. Nilituma tyubu mbili mpya kwa mkono wa mtu, zikarudi zikiwa bado kwenye mfuko.

Mwaka huu mwezi wa sita nilikuwa nimekwenda tena na msafara wa Minza, watu kumi na nne, Anuari mbele na jaketi jipya lenye maandishi ya kazi yake mgongoni. Ng'ambo ya Kibaoni, njiani kwenda Majimoto, tukakutana na Arcade anakuja, magunia mawili ya mchele kwenye keria, amekaa upande kidogo jinsi mtu anavyokaa mgongo ukimuuma. Akatoka barabarani kutupisha. Anuari akapita, akipiga honi. Minza akasimama.

"Kaka Arcade. Mvua za mwaka huu zimeharibu Ngazi?"

"Kidato cha juu kimeondoka," akasema. "Msipite kati. Piteni kushoto, kuna mti umeanguka, mpite nyuma yake. Pikipiki moja moja."

"Twende basi utuoneshe. Siku mbili tu. Taja bei yako."

Nilikuwa nyuma yake, injini nimezima nisikie atataja ngapi. Arcade aliinama akakaza kamba ya gunia la chini, akaijaribu kwa kidole.

"Nina mzigo wa watu," akasema. Akanipita bila salamu, akakanyaga gia, akaenda.